Mama Mdogo Mrefu, Mama Mkubwa Mfupi: Wasomaji Wauliza Jinsi Watoto Wanavyojifunza Vivumishi

Tangu tulipochapisha makala kuhusu maneno ya kwanza ya mtoto, barua nyingi zilizotufikia zimeacha majina ya vitu na kugeukia maneno yanayovisifu: kubwa, ndefu, nyekundu, kali. Si ajabu. Kikombe mtoto huonyeshwa kwa kidole, lakini hakuna awezaye kumwonyesha urefu peke yake, bila mti, kamba au mtu aliye nao. Tumechagua barua zinazogusa jambo hilo na kuzifupisha pale ilipolazimu.

*Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Anataja wanyama, vyombo vya jikoni, hata sehemu za gari, na anahesabu hadi kumi. Rangi tu ndizo zimemshinda. Leo kila kitu ni chekundu. Kesho ukimuuliza habari ya kitu hichohicho anasema ni bluu. Je, nimpeleke kupimwa macho?*
*Baba, Mombasa*

Kumpima mtoto macho ni jambo jema wakati wowote, ila si kwa sababu hii. Upofu wa rangi huwapata wavulana kwa wingi kuliko wasichana, na hayo uliyoyaeleza ni hali ya kawaida ya watoto wa umri wa binti yako. Charles Darwin aliandika mwaka 1877 kwamba watoto wake mwenyewe, ambao walikwisha kujua majina ya vitu vya kawaida, walishindwa kutaja rangi sawasawa hata akawadhania kuwa hawazioni. Walikuwa wakiziona vizuri.

Hata mtoto wa miezi michache hutofautisha rangi kwa macho. Kinachochukua muda ni kufahamu kwamba katika maneno "kikombe chekundu", neno la pili halitaji chombo, wala umbo lake, wala kazi yake, bali rangi, na baada ya hapo kujua mpaka wa rangi hiyo uko wapi. Kiswahili kinamwongezea mtoto kazi, kwa kuwa hasikii neno moja: anasikia kikombe chekundu, nguo nyekundu, gari jekundu, maua mekundu, na sikio lake linapaswa kuchambua kilicho cha pamoja katika hayo yote. Wakati huohuo "bluu" na "kijani" hazibadiliki hata zikiwekwa wapi.

Tazama, hata hivyo, makosa ya binti yako yalivyo. Ukimuuliza rangi, hakujibu "kubwa" wala "sahani". Amekujibu kwa rangi, ingawa siyo yenyewe. Maana yake ni kwamba amekwisha kuyakusanya maneno ya rangi mahali pamoja na anajua yanajibu swali la namna gani, kabla hajajua kila moja linaelekea wapi. Mpangilio umetangulia maana. Jambo hilo litajitokeza tena katika barua zinazofuata, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Susan Carey na Elsa Bartlett walilionyesha vizuri mwaka 1978. Watoto wa miaka mitatu na minne waliambiwa walete sinia "la kromiamu, si lile la bluu", na sinia lililobaki lilikuwa la kijani kilichofifia kuelekea kahawia. Neno hilo hawakuwahi kulisikia likitajwa kwa rangi. Kwa kulisikia mara hiyo tu, wengi walionekana siku kadhaa baadaye kwamba limeshawakaa kichwani kama neno la rangi, lakini kulitumia kwa usahihi kulichukua muda mrefu zaidi, na wengine hawakufika huko kabisa.

Kuna la kufanya nyumbani. Michael Ramscar na wenzake waligundua mwaka 2010 kwamba watoto wa miaka miwili wanaojifunza Kiingereza hushika rangi vizuri zaidi jina la kitu linapotangulia na rangi ikafuata. Kiingereza kwa kawaida hutanguliza rangi; Kiswahili hakihitaji kugeuzwa, kwa kuwa sisi husema "mpira mwekundu". Basi litaje jina la kitu waziwazi. Usiseme "lete ile nyekundu" huku umenyoosha kidole kuelekea rundo la nguo. Sema "lete soksi nyekundu, siyo soksi ya bluu", soksi zote mbili zikiwa mbele yake na zikifanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Toby Mintz na Lila Gleitman walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wa miaka miwili na mitatu hujifunza kivumishi kigeni pale kinapoandamana na jina halisi la kitu, na hushindwa kinapoandamana na neno tupu kama "kitu". Kumhoji kila mara "hii rangi gani?" ni kumtahini, wala hakumfundishi.

*Mdogo wangu ananipita kimo kwa mbali, na mwanangu wa miaka minne amekataa kabisa kumwita mama mdogo. Anasema huyo ndiye mama mkubwa, na dada yangu wa kwanza, ambaye ni mfupi, ndiye mama mdogo. Nimemweleza nani alizaliwa kwanza. Anasikiliza, anaitikia, kisha anarudia yaleyale mbele ya wageni. Mwaka jana hakuwa na ubishi huu, alikuwa akiwaita sawasawa. Amerudi nyuma?*
*Mama, Tanga*

Mama, hajarudi nyuma hata kidogo, ingawa nakiri kwamba dada yako hawezi kufurahi. Mwaka jana "mama mdogo" lilikuwa kwake jina tu la mtu fulani, kama ambavyo jirani anaweza kuitwa Mama Zawadi bila mtoto kujiuliza Zawadi ni nani. Mwaka huu amelipasua jina hilo na kukuta ndani yake kivumishi anachokifahamu, na kivumishi hicho hakilingani na anachokiona. Ubishi wake ni wa mtu aliyeanza kusikiliza maneno kwa ndani.

Kwa nini basi aone kuwa mrefu ndiye mkubwa? Hapa kuna mambo mawili yaliyokutana. La kwanza lilichunguzwa na Michael Maratsos mwaka 1973. Aliwaonyesha watoto wa umri wa chekechea vitu viwili viwili, kimoja kirefu na chembamba, kingine kifupi lakini kipana, akawauliza kipi kikubwa. Watoto wa miaka mitatu walipima kiwiliwili chote na kujibu vizuri. Wale wa miaka minne na mitano, waliopaswa kuwa wajuzi zaidi, walikazania kimo: kilichoinuka juu ndicho kikubwa. Yaani kwa muda fulani mtoto hulitumia neno "kubwa" vibaya kuliko alivyolitumia akiwa mdogo zaidi, na inaonekana ni kwa sababu vipimo mahususi, kimo kikiwa cha kwanza, vimeanza kumvutia na kulimeza neno la jumla. Mwanao ana miaka minne. Yuko palepale.

La pili ni umri. Jean Piaget aliwauliza watoto wa Uswisi kuhusu umri wa watu na wa miti, akakuta kwamba kwa watoto wadogo aliyeinuka zaidi ndiye mwenye miaka mingi, na kwamba mtu akishaacha kurefuka basi ameacha pia kuongezeka umri. Watoto hao walikuwa wakizungumza Kifaransa. Fikiria sasa mtoto wa Kiswahili, ambaye lugha yake humwambia kutwa kwamba kaka yake "ni mkubwa", yaani alimtangulia kuzaliwa. Kwamba shati la baba "ni kubwa", yaani halimtoshi. Na kwamba kuna "mkubwa wa kazi", ambaye huenda ni kijana mwembamba kuliko wote ofisini. Neno moja linabeba kiwiliwili, umri na cheo. Mtoto anayalazimisha yote matatu yawe kitu kimoja kwa kuwa katika nyumba nyingi hukubaliana: baba ni mrefu, ana umri, na ndiye msemaji. Kwenu yameachana, ndiyo maana mmekuwa na mjadala.

Kumweleza nani alizaliwa kwanza hakutoshi, kwa sababu hakuwapo na hana picha yake. Mtafutie mahali ambapo kimo na umri vinaachana mbele ya macho yake. Paka mzee wa nyumbani na ndama aliyezaliwa mwezi uliopita wanafaa sana: nani mkubwa kwa mwili, nani ameishi siku nyingi? Mpapai uliopandwa juzijuzi huupita kwa urahisi mwembe uliotangulia kupandwa. Zikiwapo picha za zamani ambazo wewe umemshika mdogo wako mkononi, zitoe. Jambo jingine ni kutumia vitenzi badala ya kung'ang'ania kivumishi kimoja, na hapo lugha yetu inasaidia: "Mama mdogo amenizidi kimo, mimi nimemzidi umri." Sentensi hiyo humpa mtoto mizani mbili mahali ambapo neno "mkubwa" lilikuwa likimpa moja.

Usihofu kwamba hawezi kuelewa vipimo vinavyobadilika. Mwaka 2008 David Barner na Jesse Snedeker waliwapa watoto wa miaka minne vinyago vya aina wasiyoijua, wakawaomba wachague virefu na vifupi. Kundi lilipoongezewa vinyago vifupi au virefu, watoto walibadilisha wenyewe mahali pa kuanzia kuhesabu "kirefu". Kwa hiyo mtoto wa umri huo tayari anajua kwamba mrefu ni mrefu miongoni mwa wenziwe. Kinachomtatiza mwanao ni kwamba neno moja lina mizani zaidi ya moja, na hilo hata watu wazima hulitatua kwa kuulizana: "Mkubwa kwa umri au kwa mwili?"

*Mjukuu wangu wa miaka mitatu husema "kitabu mzuri" na "gari mzuri". Mama yake anamkemea, mimi nasema aachwe. Nani ana haki?*
*Bibi, Kigoma*

Shikamoo, Bibi. Nyote mna haki nusu. Kukemea hakuna faida, lakini kumwacha bila kumsikilizisha neno sahihi nako ni kumnyima. Katherine Demuth, aliyechunguza watoto wa Lesotho wanaojifunza Kisotho, lugha yenye ngeli kama yetu, alikuta kwamba upatanisho wa maneno huwa umeshika njia kabla au karibu na mwaka wa tatu, na kwamba watoto huacha kiambishi zaidi kuliko wanavyokosea kuweka kisichostahili. Mjukuu wako amechukua "mzuri" kama neno zima, pengine kwa sababu ndilo analosikia akisifiwa yeye mwenyewe: mtoto mzuri. Akisema "kitabu mzuri", mwitikie tu: "Ndiyo, kitabu kizuri sana, na picha zake nzuri." Iangalieni pia mitaa yenu. Sehemu nyingi za bara watu wazima husema "kitabu mzuri" bila wasiwasi, na mtoto hujifunza Kiswahili anachokisikia.

*Chuoni tulifundishwa kwamba nomino hupangwa akilini kwa tabaka: kuku ni ndege, ndege ni mnyama. Je, vivumishi navyo hupangwa hivyo? Na kwa kuwa Kiswahili kina vivumishi vichache, je, mpangilio wa mtoto wetu ni tofauti na wa mtoto wa Kiingereza?*
*Mwanachuo wa ualimu, Iringa*

Jaribu mwenyewe kukiingiza kivumishi katika tabaka. Kuku ni aina ya ndege. "Refu" ni aina ya nini? "Tamu" iko chini ya nini? Utahangaika. Vivumishi havijumuishani kama nomino. Vingi vyao hukabiliana. James Deese alionyesha mwaka 1964 kwamba mtu mzima akitajiwa kivumishi cha kawaida cha Kiingereza na kuombwa neno la kwanza linalomjia, mara nyingi hutoa kinyume chake. George Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, walioanza mwaka 1985 kujenga hifadhi kubwa ya maneno ya Kiingereza kwenye kompyuta, waliitumia hali hiyo: nomino walizipanga kwa tabaka, vivumishi wakavipanga kwa jozi za vinyume, na maneno mengine yakakusanyika kuzunguka kila upande wa jozi. Kwa Kiswahili ungeweka "-zuri" na "-baya" katikati, kisha upande mmoja "-ema" na "bora", upande wa pili "-ovu", "duni" na "hafifu". Muulize mtu kinyume cha "baya" atakujibu papo hapo. Muulize kinyume cha "hafifu" atasita kwanza, ingawa maana anaijua.

Mtoto hazaliwi na jozi hizo. Roger Brown na Jean Berko walipowatajia watoto wa shule za Marekani maneno mbalimbali mwaka 1960, watoto wadogo walijibu mara nyingi kwa neno la aina nyingine, lile linaloweza kuandamana na neno walilotajiwa katika sentensi, na wakubwa wakajibu kwa neno la aina ileile. Kwa kivumishi, mtoto mdogo hutaja kitu chenye sifa hiyo, mkubwa hutaja sifa inayokabiliana nayo. Mabadiliko haya huonekana zaidi katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi.

Jozi zenyewe hutoka wapi? Miller na Walter Charles walipendekeza mwaka 1989 kwamba vinyume hufungamana kwa sababu hutamkwa pamoja, ndani ya sentensi moja, mara nyingi kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati. Simama jikoni utasikia: "Usichukue sufuria kubwa, chukua ndogo." "Chai si ya moto tena, imekuwa baridi." Mtoto anayesikia hivyo kila siku hujua kwamba maneno mawili ni ya mzani mmoja hata kabla hajajua lipi ni la upande upi. Margaret Donaldson na George Balfour walilikuta hilo mwaka 1968 walipowaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi minne miti miwili ya karatasi ngumu yenye matofaa, wakawauliza mti gani una matofaa machache zaidi. Wengi walionyesha ule wenye mengi. Ilidhaniwa kwamba kwa watoto hao "chache" ina maana ya "mengi". Susan Carey alitia shaka mwaka 1978: aliwapa watoto neno la kubuni lisilo na maana yoyote mahali pa neno hilo, na wengi bado waliuendea upande ulio mwingi. Inaelekea mtoto anajua swali linahusu kiasi, hajui linaelekea wapi, na asipojua huuendea upande ulio mwingi. Mimi naliona jibu la Carey kuwa na nguvu zaidi, na linaafikiana na yale ya binti wa Mombasa na rangi zake.

Upande ulio mwingi una upendeleo hata katika sarufi. Tunauliza kitu kina urefu gani, upana gani, uzito gani, na swali halisemi kwamba kitu hicho ni kirefu, kipana au kizito. Ukiuliza "kina ufupi gani?" umekwisha kukihukumu. Kwa hiyo mtoto hulisikia neno la upande huo katika maswali ya kila namna, na ni kawaida alishike mapema.

Sasa juu ya uchache. R. M. W. Dixon alieleza mwaka 1977 kwamba lugha zenye vivumishi vichache hutunza kwanza vile vya ukubwa, umri, uzuri na ubaya, na rangi. Tazama mashina yetu: -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -pya, -zee, -kuukuu, -zuri, -baya, -eupe, -eusi, -ekundu. Hata katika rangi, hizo tatu ndizo zenye shina lake, na nyingine zimeazimwa kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa kiungo cha pilau na mchuzi. Sifa zilizobaki hubebwa na vitenzi, na -enye, na -a ya uhusiano, na maneno ya mkopo yasiyobadilika kama safi, ghali, rahisi na hodari.

Matokeo yake ni kwamba jozi za mtoto wa Kiswahili huvuka mipaka ya sarufi. Ndoo *imejaa*, au ni *tupu*: kitenzi kwa kivumishi. Mtoto *ana njaa*, au *ameshiba*: nomino kwa kitenzi. Kikombe ni *safi*, au ni *kichafu*: kimoja hakichukui kiambishi, kingine hukichukua. Umbo la maneno halimwambii mtoto kwamba hayo ni mapacha. Maana na matumizi ndiyo humwambia, naye huyaunganisha bila kufundishwa. Ndiyo maana ningekushauri, ukiwa mwalimu mtarajiwa, usiwaandikie wanafunzi vinyume vya vivumishi kwa vivumishi tu, kana kwamba akili zao zimegawanywa kwa sura za kitabu cha sarufi.

Tena jozi hazidumu na neno. Hudumu na kitu kinachosifiwa. Chukua "-bichi". Ndizi mbichi kinyume chake ni ndizi mbivu. Kuni mbichi, kuni kavu. Nyama mbichi, nyama iliyopikwa. Vinyume vitatu vya neno moja, na mtoto anayelelewa karibu na jiko la kuni huvijua vyote kabla ya kwenda shule, bila kuchanganya. Hawezi kukueleza kwamba "-bichi" ni hali ya kitu ambacho bado hakijafikia pale panapokifanya kifae, lakini anaitumia kana kwamba anajua. Ukimwomba kinyume cha "-bichi" bila kumtajia kitu, atakuuliza, kwa haki kabisa, bichi ya nini.

*Nafundisha Darasa la Tatu. Katika zoezi niliwaagiza waeleze maana ya -kali, -zito na -epesi. Majibu: "Kali ni simba." "Kali ni ya kukata." "Zito ni gunia." "Epesi ni siyo zito." "Kali ni mwalimu." Mwenzangu anasema wote wakose, kwa sababu hakuna aliyetoa maana. Naomba ushauri wako kabla sijarudisha madaftari.*
*Mwalimu, Dodoma*

Mwalimu, mwenzako anadai kutoka kwa watoto wa miaka minane na tisa kazi ambayo watunga kamusi huhangaika nayo. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili: kivumishi huandikwa kwa kistari mbele ya shina, na maelezo yake mara nyingi huanza kwa "-enye" au "-sio", kisha hufuata maana ya pili na ya tatu. Mtoto hajapata kukutana na "-kali" yenye kistari. Alichokutana nacho ni kisu kikali, jua kali, pilipili kali, mbwa mkali.

Alfred Binet na Théodore Simon, katika vipimo vyao vya akili za watoto vya mwaka 1908, waliweka kueleza kitu kwa matumizi yake, kwamba kiti ni cha kukalia, kuwa kiwango cha mtoto wa miaka sita. Kueleza kwa njia iliyo juu ya matumizi waliweka miaka tisa. Hayo ni kwa nomino, ambazo mtoto anaweza kuzishika mkononi. Kivumishi ni kigumu zaidi, kwa sababu lazima akitenganishe na kila kitu alichokiona nacho. Heinz Werner na Edith Kaplan, mwaka 1952, waliwapa watoto wa miaka minane hadi kumi na mitatu maneno ya kubuni yaliyotumiwa katika sentensi kadhaa, wakaona kwamba wadogo huingiza katika maana ya neno mambo ya sentensi nzima. "Kali ni simba" ni jibu la namna hiyo: sifa haijang'oka kwa mwenye sifa.

Kwa hiyo yasome majibu yako kama hatua zinazofuatana. "Zito ni gunia" limebaki kwenye kitu. "Kali ni ya kukata" limetoka kwenye kitu na kufika kwenye kile ambacho sifa hiyo hufanya, ingawa linafaa kwa kisu tu. "Epesi ni siyo zito" ni hatua kubwa, kwa kuwa mtoto huyo ameona mzani na kuutaja upande wa pili. Kamusi zenyewe hutumia njia hiyo bila aibu. Jibu la mwisho, "kali ni mwalimu", ndilo ningelilitazama kwa makini kuliko yote, hata kama darasa lilicheka. Solomon Asch na Harriet Nerlove walichunguza mwaka 1960 jinsi watoto wanavyotumia kwa watu maneno kama tamu, gumu na baridi. Watoto wa miaka mitatu na minne waliyajua kwa vitu, lakini wengi walikataa kwamba mtu anaweza kuwa hivyo. Baadaye waliyakubali kwa watu pia, ila kama maneno mawili yaliyofanana sauti tu. Kueleza uhusiano uliopo kati ya ugumu wa jiwe na ugumu wa mtu kulikuja kuelekea miaka kumi na moja na kumi na miwili.

Mwanafunzi wako yuko kati ya hapo. Anajua mwalimu anaweza kuwa mkali. Je, anajua kwamba ni ukali uleule wa pilipili na wa jua, yaani nguvu iliyozidi inayochoma au kuumiza anayeikaribia? Darasa la Tatu wachache watasema hivyo, na wasiposema hawajakosa chochote kilicho cha umri wao. Ukitaka kujua, usiulize maana. Andika ubaoni kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, kisha uliza kila kimoja kikipoteza ukali kinakuwaje. Kisu kinakuwa butu, jua linapungua, mwalimu anakuwa mpole. Kwa mbwa watabishana, na waache wabishane, maana hapo ndipo utakaposikia nani anawaza kwa kutumia kitu na nani ameanza kuishika sifa yenyewe.

Kuhusu madaftari: mwenye kinyume mpe alama zote, na mwenye "ya kukata" vilevile, ukimwandikia pembeni, "Na jua kali je?" Wa gunia mpe nusu na umwombe vitu vingine viwili vizito visivyofanana na gunia, kwa mfano mlango wa chuma na ndoo ya maji, ili aone kilichobaki gunia likiondolewa. Wa simba mfanyie hivyohivyo. Aliyeandika "kali ni mwalimu" mpe alama zake, kisha umwite pembeni umwulize ni mwalimu yupi.